Huyu mwenyekiti na "kajambo kadogo" kake, jamani!

Mjumbe Mkongwe:
Wadau, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Muda umekwisha, madaftari yamefungwa, katibu ameshaandika "kikao kilifungwa", nusu ya wajumbe wako mlangoni. Ndipo anapokohoa: "Kabla hatujaachana, kuna kajambo kadogo." Kajambo kenyewe ni bajeti ya mwaka mzima! Hakuna kabrasha la maelezo, hakuna takwimu. Watu wataota mvi na kustaafu yeye bado yuko kwenye kajambo.

Mengineyo, yaani mambo yasiyo kwenye ajenda kama hako kajambo, hutajwa MWANZONI, ajenda inaporidhiwa. Mjumbe anataja lake, mwenyekiti anapima: la dakika 5 lijadiliwe, kubwa lisubiri kikao kijacho. Yeye analificha mpaka watu wamesimama! Eti kadogo!

Karani:
Afadhali nyie mnafika kwenye mengineyo. Wa kwetu anatumalizia kwenye yatokanayo na kikao kilichopita. Anasoma kumbukumbu neno kwa neno badala ya kuuliza tu: azimio limetekelezwa? Kama bado, lini? Na kila azimio limeandikwa "idara ihusike". Idara ndiyo nani? Weka jina la mtu mmoja na tarehe, vinginevyo litarudi kila kikao.

Mtu Kazi:
Mleta uzi, kulia umezidi. Si ungeinua mkono useme "hoja haina kabrasha, iahirishwe"? Umenyamaza kule, unapigia kelele huku.

Mjumbe Mkongwe:
Mkono niuinue akidi, ile idadi ya wajumbe inayotakiwa, ikiwa imeshavunjika? Na bado akatamka "basi tumekubaliana"! Tumekubaliana na nani, na viti? KADOGO!

Bi Slaidi:
Wangu ana slaidi 40, maandishi ya sisimizi, anazisoma zote kwa sauti. Zitumwe siku 2 kabla, kikaoni yabaki maswali na uamuzi.

Fundi Sauti:
Hamjakaa kikao cha mtandaoni nyie. Watu wawili chumba kimoja, kila kompyuta imewasha maiki na spika, mluzi unatoboa masikio. Kompyuta moja ndiyo ibebe sauti. Nyingine zizime maiki NA spika, maana ukizima maiki peke yake, spika yako bado inaingia kwenye maiki ya jirani.

Karani:
Wote wakivaa hedifoni je?

Fundi Sauti:
Mluzi utaisha, ila maiki mbili zitampokea msemaji mmoja, atasikika mara mbili. Asiyeongea azime yake.

Bi Slaidi:
Hilo la kusikika mara mbili ndilo letu kila Jumatatu! Asante, naenda kulibandika kwenye grupu.