Mafundi mnaojaza oili kwenye jeki bila kutafuta inapovujia, mtakuja kuua mtu

Wakuu, nivumilieni, leo sina lugha laini.

Nina jeki ya oili, ile ya kulala chini yenye magurudumu, tani 2. Ilianza kuacha doa sakafuni, dogo tu kama kifuniko cha chupa. Nikaipeleka kwa fundi. Akajaza oili, akapiga mpini mara nne, ikapanda, akasema imepona. Wiki haikuisha, doa limerudi. Nikarudi nayo, akajaza tena, na maneno juu: "Hizi jeki za siku hizi ndivyo zilivyo." Mara ya tatu nilimwachia nikaenda zangu. Nilipoifuata nikaikuta kavu, imepanguswa mpaka inang'aa. Nikamlipa tena, mjinga mimi.

Siku nne baadaye nimeshatoa tairi la mbele, niko pembeni ya gari natafuta spana. Nikasikia mlio kama mtu anayepumua kwa pua. Kuangalia, gari linashuka polepole, halina haraka, mpaka likakaa juu ya stendi, kile chuma cha miguu cha kushikilia gari jeki ikishindwa. Stendi yenyewe nilikuwa nimeisukuma pale dakika moja tu nyuma. Kuna mtu humu aliwahi kunicheka kwamba stendi ni za waoga. Haya, cheka tena.

Nikaamua kuifungua mwenyewe. Nikamwaga oili kwenye beseni, na harufu ikanishtua hapo hapo. Nikachukua glasi ya maji, nikadondosha tone moja. Oili ya jeki huelea juu ya maji. Hili tone liliyeyuka, kikabaki kiwingu chembamba tu cha mafuta. Jamaa alinitilia oili ya breki!

Kwa wasiojua: oili ya breki ya kawaida imetengenezwa kukaa na mpira wa breki. Mpira wa jeki nyingi ni wa aina nyingine, na ukikutana na kitu kile unavimba, unalegea, unakwisha. Oringi (pete ya mpira) ya plunja, kile kichuma kidogo kinachosukumwa na mpini kupampu oili, niliikuta imevimba kama kidole kilichoumwa na nyuki. Nikiibonyeza, alama ya ukucha inabaki. Kwa siku mbili tatu za mwanzo uvimbe huo huo ndio ulioziba mwanya, ndiyo maana nilikabidhiwa jeki kavu. Sijui kama fundi alijua hivyo au alibahatisha tu, na sitaki kujua.

Lakini kilichonichoma zaidi ni pistoni, ule mti wa chuma unaotoka nje kunyanyua mzigo. Nilipoiweka kwenye mwanga na kuizungusha taratibu, karibu na ncha ina vishimo vya kutu kama vile imetafunwa na panya. Ukipitisha ukucha unakwama. Kila jeki ikipanda na kushuka, vishimo vile vinaikwangua sili, yaani mpira unaozuia oili isitoke. Kuweka sili mpya juu ya chuma kile ni kumpa fisi bucha, sembuse kujaza oili tu. Mara tatu jeki imepita mkononi mwake, na mara zote tatu hakuinyanyua hadi mwisho akaitazama pistoni. (Kutu hiyo na mimi nina mkono wangu, nakiri. Nilizoea kuihifadhi ikiwa imenyanyuka, pistoni iko nje inakula unyevu. Jeki inawekwa ikiwa imeshushwa kabisa.)

Kutafuta inapovujia si elimu ya chuo. Pangusa jeki yote ikauke, iweke juu ya kipande cha boksi kilichotandazwa chini, inyanyue na mzigo kidogo, kaa uitazame. Ikilowa kwenye shingo ya pistoni, ni sili kubwa. Ikilowa pale mpini unaposukuma, ni oringi ya plunja. Kwenye valvu ya kushushia kuna oringi yake ndogo nayo. Ikitapika kwenye kizibo, mara nyingi ni fundi kajaza kupita kiasi: kipimo ni hadi ukingo wa chini wa tundu, pistoni ikiwa imezama yote. Na ikishuka bila kuacha hata tone nje, basi inapitisha ndani kwa ndani, uchafu umekaa chini ya gololi ya valvu, au sili ya ndani imechoka. Dakika kumi tu. Yeye alizitumia kupangusa.

Ile skrubu ya valvu ya usalama, inayozuia jeki isibebe kupita uwezo wake, niliikuta na mikwaruzo mipya ya bisibisi, yaani kuna mtu ameichezea. Hapo ndipo nilipotoka nje nikatembea kidogo.

Halafu wauzaji nao. Naomba seti ya sili, naambiwa hakuna, nunua jeki nyingine. Karatasi iliyokuja na jeki ina picha ya kila kipande na namba yake, ila kipande chenyewe hakiuzwi popote! Nikaamua kupima mwenyewe kwa venia, kile kifaa cha kupimia vipenyo. Nilikaribia kupima ile oringi iliyovimba, nikashtuka: ile inadanganya. Nimepima mfereji inapokaa na kipenyo cha plunja, nimepata oringi za saizi hiyo. Oili nitatia ya haidroliki, ISO 22 au 32 (namba ya uzito wa oili), kisha nitafungua valvu ya kushushia na kupiga mpini mara 15 hivi hewa itoke.

Iliyobaki ni pistoni. Nikiisugua kwa msasa vishimo viishe, itakuwa nyembamba na oili itapita pembeni. Kuna mtu humu amewahi kuchongesha pistoni mpya kwa mtu wa mashine, au kuipaka kromu upya, ikadumu? Alitumia chuma gani? Nijibuni kwa hilo. La "nunua mpya" nimeshaambiwa dukani.