Pumu ya ngozi imenirudia ukubwani, wenzangu mnaishije nayo?

usiku_mrefu:
Habari zenu wakuu, naombeni mawazo maana nimechoka. Nina ukurutu, wengine wanaita pumu ya ngozi. Nilikuwa nao utotoni pamoja na pumu yenyewe ya kifua, nilipofika kama miaka 14 ukapotea kabisa nikasahau kama niliwahi kuumwa. Sasa nina 31 na umerudi na hasira zake zote, kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni na tangu mwezi uliopita vidoleni. Mchana najikaza, balaa ni usiku, yaani najikuna nikiwa usingizini naamka shuka lina madoa ya damu na ngozi inawaka.

Daktari alinipa krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi), nikapaka siku nne tano muwasho ukaisha nikaacha, wiki mbili hazijafika umerudi palepale. Nikapaka tena nikaacha ukarudi tena. Mara nne sasa. Halafu nikasoma huko mitandaoni kwamba steroidi zinakula ngozi, nikaogopa nikaiweka kando. Kwa sasa naoga maji ya moto haswa mara mbili kwa siku maana ndo kitu pekee kinachonituliza, halafu asubuhi napaka losheni. Kuna mtu anaishi na hii kitu bila kukimbilia dawa kila mara? Mlibadilisha nini? Na chakula je, niache nini? Msiniambie nivumilie tu, nimevumilia sana.

ngozi_kavu:
Pole sana mwenzangu. Hapo kwenye maji ya moto nimecheka kwa uchungu maana nayajua, ile sekunde maji yanapogonga penye muwasho ni raha ambayo huwezi kumweleza mtu asiye na ukurutu akakuelewa. Ila ndo yanayokumaliza. Ngozi yetu sisi kiasili haishiki maji vizuri na mafuta yake ni machache, sasa maji ya moto yanaondoa hata hayo kidogo yaliyopo, unatoka bafuni umetulia dakika kumi halafu muwasho unarudi mkubwa kuliko ule ulioingia nao. Oga maji ya uvuguvugu, dakika 5 mpaka 10 basi, mara moja kwa siku, ukitoka jasho katikati jimwagie tu bila sabuni. Sabuni ya kipande pH yake (kipimo cha asidi, ikipanda asidi inapungua) inafika 9 au 10 wakati ngozi inataka karibu na 5, kwa hiyo tafuta ile ya kuogea isiyo sabuni kamili na isiyo na manukato, au sabuni ibaki ya kwapani na sehemu zingine zinazoihitaji kweli.

Sasa losheni. Hapa nilipotea miaka. Losheni ni maji mengi mafuta kidogo, inapakika vizuri lakini saa moja baadaye haipo, na zenye harufu nzuri ndo zinawasha zaidi. Chukua kitu kizito, krimu nzito au mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Na muda wa kupaka ni muhimu kuliko jina la mafuta: ukitoka kuoga usijisugue na taulo, jikaushe kwa kugusagusa tu uache unyevu, upake ndani ya dakika 3 hivi. Mafuta ya mgando hayaleti maji kwenye ngozi, yanayafungia yaliyopo, ukiyapaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka umefungia ukavu. Jioni rudia.

Halafu paka mengi bana. Mimi kopo la gramu 100 nilikuwa nakaa nalo miezi miwili huku nalalamika kwamba mafuta hayafanyi kazi, siku daktari wa ngozi ananiambia mtu mzima mwenye ukurutu mwili mzima anaweza kuhitaji hadi gramu 500 kwa WIKI nilidhani amekosea kusema. Na unapaka hata siku ambazo ngozi imetulia, hizo ndo siku zenyewe. Wengi wetu tunapaka tukiwashwa, tukipona kopo linaenda kabatini, halafu tunashangaa umerudi.

Chota kwa kijiko safi usitumbukize vidole, na upake kufuata vinyweleo vinakolalia, ukisugua duara duara utaota vipele.

mizizi_na_majani:
Achana na hayo makemikali yote. Mimi niliacha maziwa, mayai, ngano, karanga na samaki kwa pamoja nikawa napaka mafuta ya zeituni na maji ya limau, miezi mitatu nimepona. Tatizo liko tumboni sio kwenye ngozi.

nesi_wa_zamu:
Mkuu nafurahi umepona ila naomba nikupinge kidogo kabla mtu hajaenda kujipaka limau kwenye michubuko. Limau ni asidi, kwenye ngozi iliyopasuka ni mateso tu. Mafuta ya zeituni nayo watu wengi wanayaamini kwa sababu ni ya asili, lakini yana asidi ya oleiki nyingi ambayo inalegeza ukuta wa ngozi badala ya kuusaidia. Ya nazi yana nafuu zaidi kama mtu lazima apake kitu cha jikoni.

Chakula: kwa mtu mzima ni mara chache ukurutu ukasababishwa na chakula. Kuna watoto wadogo ambao kweli wana aleji ya maziwa au mayai na ukurutu wao unachachamaa wakila, lakini hata hao wanapimwa kwanza. Ukimkatia mtoto vyakula vitano kwa kubahatisha unaweza kumdhoofisha, na kuna wanaokaa muda mrefu bila chakula fulani halafu wakirudishiwa ndo wanapata aleji kali ambayo hawakuwa nayo. usiku_mrefu kama hujawahi kuona dalili zinapanda muda mfupi baada ya kula kitu fulani, kula tu dada yangu (kama ni kaka nisamehe).

Chanzo chenyewe kwa watu wengi kiko kwenye ngozi. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana hitilafu kwenye jeni ya filagrini, hiyo ni protini inayosaidia kujenga lile tabaka la juu la ngozi. Ikipungua ngozi inavuja maji na inaruhusu vumbi, sabuni na vijidudu kupenya. Sio uchafu na hauambukizi, nasema hivyo kwa sababu kuna watu bado wanakataa kumpa mkono mwenye ukurutu.

Sasa steroidi, maana naona hapo ndo umekwama. Kosa lako sio kuitumia, kosa ni kuiacha siku muwasho ulipoisha. Muwasho unaisha mapema, ngozi chini bado ina moto. Pitisha kiganja: kama bado ni ngumu, nene au ina joto kuliko pembeni yake, haijapona. Na usisubiri kuona wekundu, kwenye ngozi nyeusi ukurutu unaonekana wa zambarau au kijivu au weusi uliokolea tu, hata watoa huduma huwa wanaupima chini ya ukali wake kwa sababu hiyo. Kipimo: kamulia krimu kwenye kidole cha shahada kuanzia mkunjo wa mwisho mpaka ncha, hiyo ni kama nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Shingoni na usoni ngozi ni nyembamba, hapo inatumika ya nguvu ndogo, usihamishe ile ya mikononi. Na kwa anayerudiwa rudiwa kama wewe, madaktari wengine wanapanga upake mara mbili kwa wiki palepale panaporudi hata pakiwa pametulia. Rudi ukaulize hilo. Steroidi inayokula ngozi kweli ni ile kali inayopakwa miezi na miezi bila usimamizi, ikiwemo iliyofichwa kwenye krimu za kung'arisha.

Halafu ukiona ngozi inatoa majimaji, vigaga vya njano, maumivu badala ya muwasho, hapo bakteria wameingia, nenda hospitali. Vikitokea vijidonda vingi vidogo vya mviringo vinavyofanana, vinauma na una homa, nenda siku hiyo hiyo, vinaweza kuwa virusi vilevile vya vidonda vya mdomoni na kwa mwenye ukurutu vinasambaa vibaya.

KuchaFupi:
Wamekuambia ya mchana mi nakuletea ya usiku maana jina langu limetokana na huko. Kata kucha kila baada ya siku mbili tatu na uzipige tupa, hili halina mjadala. Usingizini hujizuii, unachoweza ni kupunguza silaha. Vaa pamba nyepesi mikono mirefu, sufu kaa nayo mbali, na chumba kiwe na ubaridi kidogo, joto la blanketi ndo linaamsha muwasho saa nane za usiku. Mimi naweka kitambaa kilicholowa maji baridi pembeni ya kitanda, ukiamka unawashwa unakandamiza nacho badala ya kukuna, hesabu mpaka 30, au unabonyeza kwa kiganja au kupigapiga polepole. Inaonekana kama utani ila ukikuna ngozi inavimba, ikivimba inawasha zaidi, unakuna tena, hivyo hivyo mpaka asubuhi.

Mashuka fua kwa maji ya nyuzi 60 kila wiki kupunguza wadudu wa vumbi, sabuni isiyo na manukato, suuza mara mbili, ile ya kulainisha nguo itupe. Nguo mpya fua kabla ya kuvaa. Na kitu kimoja watu hawaambiwi, hayo mafuta yakilowea kwenye shuka na nguo yanafanya kitambaa kishike moto haraka sana, kwa hiyo hakuna sigara wala mshumaa karibu na kitanda, hata kufua hakuyatoi yote.

Msongo wa mawazo pia. Wangu unalipuka kila mwezi wa kufunga hesabu kazini, sina dawa yake, nimejua tu nianze kupaka mapema wiki hiyo.

usiku_mrefu:
Dah asanteni sana, hakuna aliyewahi kuniambia mambo ya dakika tatu. Ni dada ndiyo nesi, hujakosea. Swali: siku ya steroidi natangulia ipi, krimu au mafuta?

nesi_wa_zamu:
Yoyote ila usizipakie pamoja, acha kama nusu saa katikati ili mafuta yasiisambaze dawa wala kuizimua.

usiku_mrefu:
Narudi baada ya wiki tatu kama nilivyoahidi kimoyomoyo. Nilirudi kwa daktari akanipangia ile ya mara mbili kwa wiki na akanipa nyepesi ya shingoni. Maji ya moto nimeacha, wiki ya kwanza ilikuwa kama kuacha sigara. Viwiko na magoti ni laini, weusi umebaki ila daktari anasema unachukua miezi kuisha, sawa. Jana nimelala mpaka saa kumi na moja bila kuamka. Shida imebaki vidoleni, mkono wa kushoto hasa, unapona unapasuka.

KuchaFupi:
Vidole ni maji na sabuni za vyombo. Vaa glavu za mpira na ndani yake za pamba, usikae nazo zaidi ya dakika 20 maana jasho nalo linawasha. Ikigoma omba kipimo cha aleji ya kugusa, wanabandika viraka mgongoni siku mbili. Mkono wa kushoto tu? Unavaa pete?

usiku_mrefu:
Ninayo, ya ndoa, na hata vyombo naoshea nayo. Kumbe hicho kidole ndo kilichoanza.

ngozi_kavu:
Sabuni inajificha chini yake hata ukisuuza vipi, na kama ina madini ya nikeli ndani, ambayo wengine yanawaletea aleji, ndo kabisa. Ivue walau ukiwa unaosha na ukilala.

usiku_mrefu:
Sijawahi kuivua tangu siku ya harusi, haitoki. Afadhali mafuta ya mgando sasa ninayo kopo la nusu kilo, ngoja nijaribu.