Tupeane uzoefu: mliowahi kuwa Ulaya kati ya Oktoba na Desemba

Mleta mada, Dar es Salaam
Wadau, habari za leo. Mdogo wangu anakwenda masomoni Hamburg mwishoni mwa Oktoba, na mwanawe wa miaka mitatu. Kila anayemuaga anamtajia baridi. Mimi nimekaa huko, na namwambia baridi dawa yake koti. Ajiandae zaidi kwa giza na sikukuu. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma kwa saa moja, tofauti ya muda kati yao na sisi inakuwa ya saa mbili badala ya moja, na ikifika Desemba jua la Hamburg linachomoza saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi jioni. Walioyapitia, tupeane uzoefu.

Mdau, London (kwao Pemba)
Assalaam alaykum. Kwangu mimi kazi ilikuwa kwenye vipindi vya sala. Kwetu Magharibi haisogei sana mwaka mzima. London katikati ya Desemba Adhuhuri inaingia saa sita imepita kidogo tu, Alasiri kabla ya saa nane, na saa kumi haijafika Magharibi imeshaingia. Sala tatu zote zinakukuta kazini. Oktoba nilimwendea msimamizi na ratiba ya msikiti mkononi, tukagawa mapumziko yangu ya mchana vipande viwili, na mpaka leo tunafanya hivyo kila mwaka. Usingoje siku zifupike ndipo uzungumze. Kheri yake ni kwenye sunna za Jumatatu na Alhamisi: unafunga takriban saa kumi tu.

Jingine: tarehe 25 Desemba London hakuna treni wala basi. Mwenye safari siku hiyo apange teksi mapema.

Mdau, Rotterdam (kwao Njombe)
Nimekulia kwenye baridi, ya Juni na Julai kwetu mnaijua. Ya Uholanzi ni nyingine kwa sababu ya upepo na unyevu. Mwavuli unageuka nje ndani. Nunueni jaketi lenye kofia lisilopitisha maji, ndani yake sweta, na mzula ufunike masikio.

Mdau, Köln
Hapa Ujerumani kila jimbo lina sikukuu zake. Hamburg wanapumzika 31 Oktoba, Siku ya Matengenezo ya Kanisa. Sisi Köln tunapumzika kesho yake, 1 Novemba, Watakatifu Wote. Berlin hawana hata moja ya hizo mbili. Dada yangu alikuja kutoka Berlin tarehe mosi akitegemea kununua vitu vya kupika hapa. Maduka yote yamefungwa, tukala ugali na maharage yaliyokuwamo ndani, na jioni tukaenda makaburini kuona mishumaa. Ulikuwa usiku mzuri sana.

Krismasi ndiyo ya kuangalia zaidi. Tarehe 24 maduka yanafungwa mchana, 25 na 26 ni sikukuu, na ikifuata Jumapili unaongeza siku nyingine. Jazeni friji tarehe 23.

Masoko ya Krismasi yanaanza mwishoni mwa Novemba. La Dresden lipo tangu 1434. Pale wanauza mvinyo mwekundu wa moto wenye mdalasini na karafuu, na upo wa juisi kwa watoto na wasiokunywa pombe. Kikombe unakiwekea dhamana, ukikirudisha unapewa pesa yako.

Mdau, Leeds (kwao Bukavu)
Naomba hili lisisahaulike. Tarehe 5 Novemba Waingereza wanawasha mioto na fataki, kukumbuka njama ya 1605 ya kulipua Bunge. Mama yangu alikuwa ndio kwanza amefika. Aliposikia ile milio alizima taa na kutukusanya wote koridoni. Sasa kila mwaka siku hiyo tunampigia simu mapema, na mmoja wetu analala kwake. Ujerumani milio hiyo ni usiku wa 31 Desemba. Mwenye mgeni aliyetoka kwenye vita amwambie kabla.

Mdau, Stockholm (kwao Kisumu)
Huku Desemba jua linazama kabla ya saa tisa. Daktari alinipima, akanipa vitamini D. Tarehe 13 Desemba usikose sikukuu ya Lucia: wasichana kwa wavulana wamevaa nguo nyeupe, mishumaa mikononi, wanaimba asubuhi na nje bado giza totoro. Mimi hulia kila mwaka.

Mleta mada
Ahsanteni sana. Na mtoto je, nguo tutafute soko la mitumba la Karume hapa Dar au anunue akifika?

Mdau, Köln
Karume chukueni sweta na soksi za sufu. Buti na suruali ya mvua ya mpira anunue huku, mitumba pia ipo, na chekechea wataiulizia siku ya kwanza: watoto wanatolewa nje hata mvua ikinyesha. Wakati wa Mtakatifu Martin, 11 Novemba, chekechea nyingi watoto wanatembea jioni na taa za karatasi wakiimba. Mwambie mdogo wako aulize mapema ni siku gani, maana taa hizo mara nyingi wazazi huitwa kuzitengeneza pamoja na watoto.