Digrii ya fedha Kampala: ni benki tu?

Habari wakuu. Nina digrii ya fedha. Mbali na kaunta ya benki, niombe kazi wapi?

— Anza na kodi, ndugu. Wenye maduka Kikuubo, soko la jumla la Kampala, wanahitaji mtu anayeujua EFRIS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato), VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 na ritani, yaani taarifa ya kodi, ya kila mwezi kufikia tarehe 15. Wengi hukwama hapa: wananunua bidhaa bila ankara ya EFRIS, URA inakataa kuwapunguzia VAT waliyolipa kwenye manunuzi, wanalipa zaidi.

— SACCO (vyama vya akiba na mikopo) pia. Ukipima mkopo, linganisha daftari la mauzo na taarifa ya pesa za simu. Maneno ya mkopaji weka kando.

— Ila kusaini ukaguzi wa hesabu, digrii haitoshi. Unahitaji CPA (sifa ya uhasibu ya kitaaluma) na leseni ya ICPAU, taasisi ya wahasibu Uganda.