Mafunzo ya kujitolea kilimo nchi za nje: kwa nini lugha inachukua asubuhi nzima?

Mtarajiwa:
Habari zenu, ndugu. Nimekubaliwa kujiunga na mafunzo ya wanaokwenda kujitolea katika kilimo nchi za nje, na ratiba niliyotumiwa imenishangaza: lugha kwa muda wa saa nne kila asubuhi, kisha shamba kwa muda wa saa mbili tu alasiri. Nimesomea kilimo cha mboga, nami nilidhani jembe ndilo lingetangulia. Waliopitia mafunzo haya naomba wanieleze siku yao ilikwendaje, na kama saa hizo za lugha ziliwafaa huko walikopelekwa.

Niliyerudi:
Hata mimi nilinung'unika hivyo hivyo. Tulikuwa tukiamka saa kumi na moja na nusu, tunamwagilia miche kitaluni kabla jua halijawa kali, kisha darasani mpaka adhuhuri. Wiki ya tatu mwalimu wa lugha alitutoa nje na fremu ya A, yaani miti miwili iliyofungwa pamoja kileleni, wa tatu ukiikatiza katikati, na jiwe linaloning'inia kwa uzi, tupime mstari wa kontua, yaani unaopita kwenye kimo kilekile, kwenye mteremko. Sharti lilikuwa moja: atakayetamka neno la lugha ya nyumbani aanze upya. Kupima nilikujua. Lakini ili kupata alama ya usawa ni lazima fremu igeuzwe, mguu wa kulia usimame pale uliposimama wa kushoto, kisha ichukuliwe katikati ya alama mbili zilizoonyeshwa na uzi, na hilo sikuweza kumweleza mwenzangu hata kidogo. Nilikuwa nimekariri majina ya mimea zaidi ya hamsini, ila "shusha kidogo" sikuwa nayo. Tulianza upya mara tano.

Mkufunzi mstaafu:
Ndugu Mtarajiwa, kwanza angalia mafunzo yako yanafanyika wapi. Peace Corps, shirika la kujitolea la Marekani lililoanzishwa mwaka 1961, huwapa watu wake utumishi wa miezi 27, na takriban mitatu ya mwanzo ni mafunzo ambayo kwa kawaida hufanyika katika nchi mwenyeji, mwanafunzi akiishi na familia. Japani, iliyoanza kupeleka vijana wake mwaka 1965, huwafundisha kwanza nyumbani, katika vituo kama Nihonmatsu na Komagane. Ukiishi na familia, lugha haikomi saa sita mchana, unaosha vyombo nayo. Na hizo saa mbili za alasiri zisikudanganye, kwa sababu mboji haisomi ratiba. Rundo lisilofika mita moja kila upande halihifadhi joto, na lililojengwa vizuri hupanda mpaka nyuzi 55 au 65 za Selsiasi, kisha likianza kupoa ligeuzwe, hata kama ni siku ya mapumziko. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wachomeke fimbo katikati ya rundo, waiache dakika chache, waichomoe na kuishika: ikiwa ya baridi na kavu, maji yamepungua, ikiwa ya baridi na inanuka, maji yamezidi.

Mgeni wa Shamba:
Nakubaliana na waliotangulia, ila saa nne mfululizo ni nyingi mno, na kwetu ile ya mwisho ilikuwa ya kusinzia tu, hasa kwa sisi tuliokesha na masomo ya afya ya jioni. Lalamiko langu kubwa ni jingine: tulifundishwa kueleza, hatukufundishwa kuuliza. Nilifika kituoni nikiweza kutoa somo zima juu ya nafasi kati ya miche, lakini nilishindwa kumuuliza mkulima kwa adabu kwa nini yeye hupanda kwa kubananisha. Nilipoweza kumuuliza, baada ya miezi miwili, alinijibu kwamba majani yakigusana mapema magugu hukosa mwanga, naye hakuwa na mtu wa kumsaidia kupalilia. Kwa hiyo mwombe mwalimu wako akupe maswali tangu wiki ya kwanza, pamoja na namna ya kumsalimu mtu mzima aliyeinama shambani kabla hujamuuliza chochote.