Mjadala: Kura za meseji kwenye mashindano ya Jumamosi usiku, zihesabiwe kwa kanda?

Mkazi wa Uyole, Mbeya
Ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, kuna jambo linanikereketa, naomba tulijadili. Kwenye mashindano ya vipaji ya Jumamosi usiku, mshindi apatikane kwa jumla ya meseji kama ilivyozoeleka, au kila kanda iwe na kura moja? Mimi nasema kwa kanda.

Miaka michache iliyopita binti wa jirani yetu, mwanakwaya, aliingia kumi bora ya shindano moja la kuimba. Jumamosi ile sebule ya baba yake ilijaa mpaka wengine wakakalia magunia ya viazi koridoni. Mama mmoja anayeuza maparachichi Kabwe alikuja na vocha tano za buku. Akazikwangua zote kwa ukucha, akanipa simu yake nimwandikie kwa sababu maandishi madogo hayaoni. Meseji za mwanzo zikaenda. Zilizofuata zikarudishiwa jibu lilelile: jaribu tena baadaye. Salio limeshakatwa. Nje mvua inanyesha, mtandao umelemewa, mtangazaji anasema zimebaki dakika tano. Binti akaaga mashindano usiku uleule. Idadi ya kura zake hatukuonyeshwa, wala za waliobaki.

Sisemi aliibiwa, ushahidi sina. Nasema jumla ya meseji haipimi sauti ya mtu. Inapima ni wangapi wana salio na mtandao saa nne usiku, na kwa hilo Dar es Salaam itatuzidi siku zote.

Njia nyingine tumeshaiona. Big Brother Africa, kile kipindi cha televisheni cha washiriki wa nchi mbalimbali waliofungiwa nyumba moja, ilihesabu kwa nchi: anayeongoza kwa watazamaji wa nchi fulani anachukua kura moja ya nchi hiyo. Nigeria na wingi wake wote haikuweza kuzimeza nchi ndogo. Idris Sultan wetu alishinda hivyo mwaka 2014 na kupata dola 300,000. Kama kwa Afrika iliwezekana, kwa kanda zetu inashindikana nini?

Mwalimu wa Kihesa, Iringa
Kamwene. Mwanangu, habari ya binti imeniuma. Lakini kura za kanda zitatufanya tumpigie mtu kwa sababu ni Mnyakyusa mwenzetu au Mhehe mwenzetu, hata kama ametoka nje ya ufunguo. Nimefundisha kwaya miaka mingi, hilo nalijua linavyoharibu. Tazama Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, nayo fainali yake ni Jumamosi usiku. Huruhusiwi kuipigia nchi yako, na bado majirani walikuwa wakipeana pointi. Ndipo mwaka 2009 wakarudisha majaji kwenye fainali, nusu majaji, nusu watazamaji. Mimi nataka hiyo nusu kwa nusu.

Na kuna linaloniumiza kuliko kura: kuonyesha walioshindwa usaili ili nchi icheke. Mtoto ametetemeka, sauti imekwama, na kipande hicho kinarudiwa wiki nzima. Jumatatu anarudi darasani. Nimekaa na mmoja wao ofisini kwangu, hakutaka kuinua uso.

Dereva wa Tunduma
Mnasahau zawadi inatoka wapi. Ni wadhamini na hizo meseji. Ukiweka kura za kanda, mtu wa Dar ataona haina haja ya kutuma ya kumi, na kipindi kinakufa. Halafu kushinda si kila kitu. Peter Msechu alikuwa wa pili Bongo Star Search 2009, akawa wa pili tena kwenye lile la Afrika Mashariki, Tusker Project Fame 2010, akazidiwa na Davis wa Uganda. Nani leo hamjui Msechu?

Wa Ludewa
Nyie mnabishania kura, sisi hata mlangoni hatufiki. Usaili ukiwekwa Mbeya mjini, mdogo wangu anaondoka siku moja kabla na kulala kwenye kiti stendi. Alfajiri anapanga foleni, mchana anaimba mstari mmoja, anaambiwa asante. Nauli tuliuza debe sita za mahindi.

Mkazi wa Uyole, Mbeya
Wa Ludewa, umenifundisha. Usaili ungefika Njombe na Songea, wengi wangepona hilo.

Kaka wa Tunduma, biashara naielewa, ila anayelipia kura ana haki ya kujua imefika. Uingereza mwaka 2008 mdhibiti wao wa utangazaji, Ofcom, aliitoza ITV ya kwao (si hii yetu) faini ya pauni 5,675,000 kwa michezo ya simu za kulipia. Mojawapo ilikuwa ndani ya kipindi cha Ant & Dec's Saturday Night Takeaway: watu walipiga wakiamini wote wana bahati sawa, kumbe waliochaguliwa walichujwa pia kwa kuangalia wanakoishi. Mtu wa mbali alikuwa analipia nafasi ambayo hana. Na Msechu amefika kwa jasho lake. Lakini yule mama wa Kabwe hakununua vocha ili binti awe wa pili. Hadi leo nikipita ananiuliza kama zile kura zilifika, na sijui nimjibu nini.

Shikamoo mwalimu. Nusu ya majaji nakubali, na hilo la kuwadhalilisha watoto naliunga mkono kwa mikono miwili. Ila ile nusu ya watazamaji bado naitaka kwa kanda, na idadi za kila kanda zisomwe hewani usiku uleule kabla ya jina la anayetoka.