Tundu moja la eksozi jeusi tii, la pili kijivu: nifungue injini?

Mpanda Uluguru (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nina Suzuki GS500 ya mwaka 1996, silinda mbili, kabureta mbili. Jana nimefungua bomba za eksozi nibadilishe gaskiti, nikakuta kitu kilichoninyima usingizi. Tundu la kushoto kwenye hedi (kichwa cha injini) ni jeusi tii, masizi unayafuta kwa kidole kama ya chini ya sufuria. La kulia ni kijivu kinachokaribia weupe. Ikiwa slo, yaani inanguruma bila kupewa moto, inamisi, ikishika kasi inatulia. Ijumaa ijayo natakiwa Iringa kwenye sendofu ya mdogo wangu na sitaki kukwama mlima Kitonga. Je, ni ringi za pistoni? Nawasilisha.

Chuma Chakavu
Iringa na chuma cha 1996? Panda basi mkuu, suti ifike haijakunjika.

Bi Spana
Masizi ni makavu au mabichi? Tuanzie hapo. Makavu, ya unga, maana yake petroli inazidi hewa. Yakiwa yanang'aa na kunata, hiyo ni oili: ringi au sili za valvu. Toa plagi zote mbili uziangalie kwa pamoja, kisha zibadilishane upande, tembea kilomita 20. Weusi ukihamia kulia, plagi ndiyo mbaya. Ukibaki kushoto, angalia kabureta.

Mzee wa Katani
Nikiwa kijana, Korogwe, nilipewa pikipiki ya shamba la mkonge. Eksozi ikawa nyeusi hivyo hivyo. Fundi akala mshahara wangu wa miezi miwili, akabadilisha pistoni, akabadilisha kabureta, weusi uko pale pale. Siku moja mke wangu anaifuta vumbi akaniuliza, "Hii kamba mbona haina ulegevu?" Ilikuwa kamba ya choki, ile ya kuongeza petroli injini ikiwa baridi, imekwama nusu, hairudi. Mpaka leo nikisikia "fungua injini" tumbo linanikata.

Mpanda Uluguru
Shikamoo mzee. Choki nimeangalia, inarudi. Bi Spana, masizi ni makavu. Nimebadilishana plagi, weusi umebaki kushoto. Ila fundi wangu ameshasema ni ringi za kushoto, na nimeshampa advansi 150,000. Jumamosi anafungua. Kwa hiyo nilichotaka hasa ni mtu aniambie bei halali ya ringi. Tapeti, yaani nafasi za valvu, alishaziseti wiki iliyopita kwa bisibisi, dakika ishirini tu.

Bi Spana
Ringi mbovu hazileti masizi makavu. Moshi wa bluu upo? Oili inapungua?

Mpanda Uluguru
Hapana kwa yote mawili.

Ustadhi Gia
Mnauliza ringi wakati kijana hajui bajeti yake. Pikipiki kubwa ni kama mke wa pili, inahitaji matumizi ya kila siku. Nunua ya cc 125 kama wenzako, spea ziko kila kona, na ulale.

Bi Spana
Mpanda, nimeuliza kama inapungua. Sasa nauliza kama inapanda. Angalia kwenye kipimo cha oili.

Mpanda Uluguru
Imepanda. Mwezi jana nilimwaga nikaweka mpya, ikakaa katikati ya mistari miwili. Leo imepita mstari wa juu. Sikusema mwanzo kwa sababu niliona oili kuwa nyingi si ugonjwa. Na ndiyo, inanuka petroli. Lakini fundi anasema injini ikichoka ndivyo inavyokuwa, ringi zikibadilishwa itaisha. Naomba tusimvunjie heshima, ana miaka mingi kwenye kazi.

Kamba Mbili
Wakuu, hii ni chai, hadithi ya kutunga. GS500 haina tapeti za skrubu. Kamu zake mbili, zile zinazosukuma valvu, ziko juu na valvu zinasetiwa kwa shimu, visahani vya chuma vya unene tofauti. Unapima nafasi kwa fila geji, inatakiwa 0.03 hadi 0.08 mm, ikikosea unatoa kisahani unaweka kingine. Bisibisi inaseti nini hapo? Huyu hana pikipiki, amekusanya maneno tu.

Chuma Chakavu
Nilishangaa na hiyo sendofu. Chai na vitumbua.

Msafiri wa Msamvu
Fungeni uzi.

Mpanda Uluguru
Pikipiki ninayo. Nimeweka picha ya kipimo cha oili na karatasi yenye jina langu la humu na tarehe ya leo. Kuhusu tapeti, sikuwepo. Nilimwachia asubuhi, jioni nikamkuta ananawa mikono, akasema ameshaziseti na bisibisi yake iko juu ya tanki. Nikalipa elfu 40. Ni mjomba wa mke wangu. Ningemwambia afungue nione?

Kamba Mbili
Nimeiona picha. Niwie radhi, ndugu yangu. Basi chai umenyweshwa wewe, valvu zako hazijaguswa.

Bi Spana
Nisikilize vizuri, na usiiwashe tena hiyo pikipiki. Koki yake ya petroli ina ngozi ya mpira ndani. Injini ikizunguka inavuta ile ngozi kupitia kampira kembamba kanakotoka kwenye kabureta moja, ndipo petroli inashuka. Ngozi ikitoboka, petroli inapita ndani ya kale kampira na kuingia silinda moja tu. Upande huo unakuwa mweusi, wa pili uko salama. Ukishazima, inaendelea kuchuruzika kupita kwenye ringi mpaka kwenye oili. Oili iliyochanganyika na petroli ni nyepesi, hailindi beringi. Ungefika Kitonga nayo, ungeua injini nzima kwenye ule mlima.
Kijivu cha kulia kisikutishe sana, petroli ya siku hizi haina risasi na haiachi ile rangi ya kahawia ya zamani. Chomoa kampira kembamba upande wa kabureta, subiri, uone kinachotoka.

Mpanda Uluguru
Nimechomoa saa mbili usiku, tochi ya simu mdomoni. Kanaenda kabureta ya kushoto. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Nikavuta kidogo kwa bomba la sindano: petroli, safi, mpaka mstari wa 3. Nikaachia, tone likajijenga kwenye ncha, likaanguka. Likaja jingine.

Mzee wa Katani
Alhamdulillahi.

Bi Spana
Mwaga oili yote uweke mpya, na filta badilisha pia. Koki usichukue ya mtumba, mpira wake una umri ule ule.

Ustadhi Gia
Na advansi? Mjomba ni mjomba, lakini 150,000 ni hela.

Mpanda Uluguru
Nimempigia nikamwambia Jumamosi asifungue. Amenyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza ni nani aliyenifundisha. Nikasema nimesoma. Hela hakuitaja, na mimi sikuitaja. Koki mpya inatoka Dar na basi la kesho asubuhi. Nikitembea kilomita 100 nafungua tena eksozi, naweka picha ya tundu la kushoto hapa hapa.